Daftari la Kapita Wetu

Kapita alikuwa mfupi kuliko sisi wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumshinda sauti. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa pikipiki wanaokaa mbele ya nyumba yangu hapa Kimanga, wakisikia kwamba nilikuwa na rafiki aliyekufa kabla hajatimiza miaka ishirini, mara moja humfikiria kijana mnyonge, mpole, wa kukohoakohoa. Hapana. Huyu alikuwa kelele tupu. Akiingia uwanjani, hata mbuzi wa padri walikuwa wanainua vichwa.

Alizaliwa wapi, na babu yake alikuwa nani, sitaandika. Hayo yana wenyewe, na wenyewe wakiyaandika watayapamba. Mimi naandika niliyoyaona kwa miaka minne ya kukaa naye benchi moja katika shule ya sekondari ya mapadri, hapa Uvira, tangu mwaka ule bendera ilipobadilishwa mpaka uasi ulipotutawanya. Jina lake pia naliacha. Tulimwita Kapita kwa sababu alikuwa kapita wa darasa, mwenye kuita majina asubuhi na kuchunga daftari la majina hayo. Daftari lenyewe ninalo. Liko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu, na jinsi lilivyonifikia ni jambo ambalo sikumwambia mtu, hata mama yake, aliyestahili kuambiwa kuliko wote. Leo nitalisema, ila kwa zamu yake. Kwanza mumjue mtu.

Kabla ya uhuru kapita alichaguliwa na padri, na padri alimchagua yule ambaye shati lake limepigwa pasi vizuri. Uhuru ulipokuja, nasi tukataka wetu. Wakubwa wamepiga kura, kwa nini sisi tusipige? Tulikaa nje asubuhi nzima, tukakataa kuingia darasani, mpaka padri akachoka na jua, akasema haya, pigeni kura zenu. Wakajitokeza wawili. Wa kwanza, mrefu, mtoto wa karani, alituahidi mpira mpya, mapumziko kila Jumatatu, na mikeke ya kukaanga kila Ijumaa. Samaki wote hao angewatoa wapi sijui, lakini mwaka ule kila mtu aliahidi. Halafu Kapita akapanda juu ya benchi ili aonekane.

“Minye siko na kitu ya kuwapa,” akasema. “Ila kila siku nitajua kila muntu iko wapi. Basi.”

Tulicheka mpaka machozi. Kisha tukahesabu vikaratasi, kimoja kikawa kitupu, na Kapita akashinda kwa kura moja. Yule mrefu akaruka juu, akadai kwamba mshindi amejipigia kura mwenyewe.

“Ndiyo, nimejipigia,” Kapita akajibu. “Kama minye mwenyewe sijiamini, weye utaniamini namuna gani?”

Mrefu akakaa chini polepole. Kumbe yeye, kwa adabu zake, alikuwa amempigia mwenzake. Tangu siku hiyo nimeona chaguzi nyingi katika nchi hii, na sijaona nyingine ambayo aliyeshinda alitimiza kila neno aliloahidi.

Maana alitimiza. Tulikuwa ishirini na wanne, na asubuhi alituita bila kufungua daftari. Hakufuata alfabeti. Alifuata mabenchi, akipita kati yetu na kugonga kila meza kwa vidole viwili, jina na pigo, jina na pigo, na ole wako uitike kwa uvivu. Akifika kwenye meza isiyo na mtu alisimama kidogo, akaiangalia, ndipo akaandika. Saa sita, sisi wengine tukikimbilia bugali nyumbani, yeye alikwenda kumtafuta aliyekosa. Alivuka mto, alipanda kilima, aliuliza majirani. Tulimwambia hiyo si kazi ya kapita, kapita ni wa kupeleka majina ya wakorofi kwa padri ili wachapwe.

“Kazi ya kapita si kupiga,” alikuwa akisema. “Kazi ya kapita ni kujua.”

Msidhani basi alikuwa malaika. Siku niliposhikwa na malaria, alikuja kwetu Kimanga na masomo yote ya siku tatu yameandikwa vizuri. Mama akaniletea sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nilikuwa natetemeka, hata harufu siiwezi. Kapita akakaa kando ya mkeka, akanisomea historia, na huku anasoma mkono wake unakwenda kwenye sahani na kurudi. Mama alipoingia tena akakuta sahani nyeupe.

“Mwanangu,” akamwuliza, “kati yenu mugonjwa ni nani?”

“Ni yeye, mama,” Kapita akasema bila haya. “Lakini chakula haina kosa. Kwa nini tuiazibu?”

Mama alicheka siku nzima, na tangu hapo kila akipika aliuliza kama yule mdogo anayekula atakuja.

Jambo jingine ambalo lilitushinda kuelewa: mtu huyu mwenye kuandika waliochelewa, yeye mwenyewe alichelewa kila siku ya Mungu. Aliingia anahema, viatu mkononi, na kabla hajavivaa alifungua daftari akajiandika wa kwanza katika ukurasa wa waliochelewa. Kila mwezi padri alimpa adhabu ya kufyeka majani, na kila mwezi alifyeka akiimba. Wala hakuwa mkweli sikuzote. Mwaka wa tatu nilitoroka siku nzima kwenda Bujumbura kutazama mechi ya mpira. Padri akapita darasani, akaona nafasi yangu iko wazi na kwenye daftari nimeandikwa kwamba nipo.

“Huyu yuko wapi?” akauliza.

“Yuko, padri. Ametoka kidogo.”

Kidogo hicho kilikuwa mpaka ng'ambo ya mpaka wa nchi. Niliporudi nilimkumbatia kwa shukrani, naye akanisukuma. Alinichotesha maji ya mama yake wiki nzima, kutoka mtoni mpaka kwao Rugenge, mimi niliyemzidi urefu kwa kichwa kizima, na yeye akitembea nyuma yangu akiongea. Alisema kudanganya kwamba nipo ni dhambi yake, na ndoo ni dhambi yangu. Kila mtu abebe ya kwake.

Na ziwa aliliogopa. Hili lilikuwa kichekesho cha pwani yote. Mama yake alikuwa muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, nyumba yao ilinuka ndagala, shati lake lilinuka ndagala, lakini mwenyewe hakuingia majini kupita magoti. Tulipoogelea yeye alikaa juu ya mchanga akichunga nguo zetu na kutuhesabu vichwa. Tulimwita kuku. Tulimrushia maji. Siku moja tulimshika wanne tukamwingiza kwa nguvu ndani ya mtumbwi, na alilia kwa sauti ambayo ilitufanya tumrudishe haraka. Baadaye nilimwuliza anaogopa nini.

“Muntu akiwa chini ya maji,” akasema, “ukimuita ataitika na nini?”

Nilimwona mjinga. Tulikuwa na miaka kumi na sita, na mimi niliogelea kama samaki.

Mwenzetu mmoja tulimwita Baridi. Alitoka juu, kwa wafugaji wa milima mirefu iliyo nyuma ya mji, na siku ya kwanza alishuka katika joto letu la Uvira amevaa fulana nzito ya sufu, akakataa kuivua mpaka saa nane. Wengine walimcheka kwa namna alivyosema maneno, kwa urefu wake, kwa kutokula samaki. Mzaha ukaanza kuwa si mzaha. Kapita hakuhubiri. Alimhamisha tu, akamketisha kati yake na mimi, na kila aliyetaka kumchokoza Baridi ilimbidi kuinama juu ya mmoja wetu. Samaki alimfundisha mwenyewe. Alianza na ndagala mmoja mdogo, akamwambia huyu hana hata macho ya kukutazama, mumeze. Baada ya mwaka Baridi alikula mikeke na mifupa, na alikuwa akiteremka na siagi ya kwao kwenye majani ya ndizi, ambayo Kapita alijigawia kwanza, kwa sababu, alisema, ni lazima mtu mkubwa aionje kama haina sumu.

Halafu uasi ukaja.

Sitaeleza siasa zake. Wapo waliosoma wataeleza. Nitaeleza karatasi, kwa sababu Uvira ya miezi ile ilikuwa mji unaoogopa karatasi. Waasi walipoingia walimtafuta mtu wa serikali, na mtu wa serikali walimjua kwa karatasi yake. Baba yangu mdogo alikuwa karani tu, mtu wa kupiga mihuri kwenye vibali. Walimkuta na karatasi moja yenye muhuri ndani ya mfuko wa koti, karatasi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau. Walimchukua kwa njia ya nyuma ya soko na hakurudi. Wiki hiyo hiyo mji wote ulianza kuchoma. Watu walichoma vyeti vya shule, vyeti vya ubatizo, barua za wachumba. Asiye na moyo wa kuchoma alizika. Mama yangu alichukua cheti changu cha shule ya msingi, akakitia jikoni chini ya chungu cha maharagwe, na alipokuwa akikitazama kinakunjamana alisema, “Afazali mutoto mujinga na uhai.”

Shule ilifungwa. Mwalimu wetu wa mwisho, kabla hajakimbia, alimkabidhi Kapita daftari. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jina la shule, darasa la nne, jina la kapita, na chini yake akagonga muhuri. Sisi wote tulidhani Kapita atalichoma siku hiyo hiyo. Hakulichoma. Jumamosi iliyofuata, siku ya posho kama tunavyoiita huku, nikasikia vidole viwili vinagonga dirisha letu, na jina langu.

“Kapita,” nikamwambia, “mwalimu haiko, ubao haiko. Unaita nani?”

“Niko naita kalasi. Weye uko?”

“Si unaniona?”

“Itika vizuri.”

Nikaitika. Akaandika. Akaenda nyumba nyingine. Kila Jumamosi alizunguka hivyo, Rugenge, Kimanga, mpaka Kalundu bandarini, mpaka Kavimvira karibu na mpaka. Alibuni alama mpya: B kwa waliovuka Bujumbura, M kwa waliopanda mlimani, na mstari mdogo kwa wale ambao hakuna aliyejua habari zao. Mstari ule ulimnyima usingizi. Alikuwa akisema kwamba masomo yatafunguliwa siku moja, na siku hiyo atasimama mbele ya mwalimu. Je, atasema nini, kwamba amepoteza watu kama mtu apotezaye kalamu?

Ili apite kwenye vizuizi vya waasi, alikwenda mwenyewe kuchanjwa. Waasi walikuwa na dawa yao, maji ya kunyunyiziwa na chale za wembe kifuani, ili risasi zisikuingie. Aliyekuwa na chale alipita popote. Kapita, mtumikiaji wa misa, kijana aliyejua Kilatini cha altare kuliko padri mwenyewe, akajifunulia kifua na kuchanjwa, mistari mitatu kila upande. Dawa hiyo ilikuwa na miiko: usimpe mkono asiyechanjwa, usigeuke nyuma, usile kilichopikwa na mwanamke. Saa mbili baadaye nilimkuta kwao, mbele ya sombe ya mama yake, anakula.

“Na mwiko?” nikamwuliza.

“Dawa iko mu kifua, sombe iko mu tumbo. Hazitakutana.”

Alikuwa na jibu la kila kitu. Watu wa juu milimani walipogombana na waasi kwa sababu ya ng'ombe, na jina la mtu wa milimani likawa jina la hatari hapa chini, mjomba wake alimjia mbele yangu, akamwambia afute jina la Baridi, asije akawaletea matata. Kapita akafungua daftari, akamwonyesha.

“Mujomba, niliandika na wino,” akasema. “Wino haifutike. Ukitaka litoke, utapasua na majina ya wengine.”

Mjomba akaondoka akitukana. Wakati huo Baridi mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nyuma ya magunia ya ndagala, anasikia kila neno. Alikuwa ameshuka na fulana yake ile ile, kwa sababu kijiji chao kilikuwa kimetawanyika, na alijua nyumba moja tu mjini ambako mtu angeuliza yuko wapi kwa kumtaka mzima.

Sasa nitasema kifo chake, kama nilivyoambiwa na Baridi. Tulikutana Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, majuma machache baada ya mambo hayo. Nilimwona kwa mbali anakuja peke yake, nikajua kabla hajafungua mdomo.

Askari wa serikali walikuwa wamerudi. Waliingia kutoka kaskazini, kwenye bonde, wakaweka kizuizi barabarani. Kapita na Baridi walitoka mjini kwa miguu asubuhi, wakitaka kuvuka mpaka. Kwenye kizuizi vijana wote waliamriwa kufungua mashati. Baridi alikuwa na kifua kitupu, hakuchanjwa kamwe. Kapita alikuwa na chale zake sita.

“Aliwaambia ni mwanafunzi,” Baridi akaniambia. “Aliwaambia, minye ni kapita wa kalasi ya ine. Askari mumoja akacheka, ule mukubwa yao hakucheke. Akamuliza, karatasi iko wapi? Akasema iko. Muhuri iko, jina yangu iko, mwalimu aliandika. Akamuliza tena, iko wapi? Akasema, iko na mwenzangu, amevuka.”

Baridi aliniangalia. Hakujua huyo “mwenzangu” ni nani. Au alijua.

“Bakasema bote banasema vile,” akamaliza.

Walimpeleka nyuma ya gari. Baridi aliachwa apite.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami, na bado ana nguvu kunishinda. Miaka mingi baadaye Baridi alikuja kunitembelea hapa Kimanga, mtu mzima, mwinjilisti wa kanisa lao huko juu, nikamwuliza kama karatasi ingemwokoa. Akasema hapana, askari wale walikuwa na hasira, wangemuua hata akiwa na barua ya askofu. Alisema vizuri, kwa upole, kama wanavyosema wainjilisti. Lakini mimi nilisikia alivyonisimulia mara ya kwanza, kwamba yule mkubwa wao hakucheka, na kwamba aliuliza mara mbili. Mtu ambaye ameamua haulizi mara mbili. Hiyo ndiyo imani yangu, na hakuna mwinjilisti atakayenitoa humo.

Nilipoweza kurudi Uvira nilikwenda Rugenge kwa mama yake. Nilimpa daftari kwa mikono miwili. Hakujua kusoma. Akaliweka juu ya mapaja yake yenye magamba ya ndagala, akaniambia nimwonyeshe jina la mtoto wake. Lilikuwa la mwisho, maana alijiita baada ya wote. Akaweka kiganja juu yake.

“Na hii alama ya mwisho, inasema nini?”

“Inasema yuko, mama.”

“Kumbe karatasi nayo inasema uongo,” akasema. “Ilikufikia namuna gani?”

“Alinipa nimuchungie,” nikasema.

Uongo wa daftari ulikuwa wa wino tu, uongo huu ulikuwa wangu. Aliniamini. Alinirudishia daftari, akasema kama alinipa mimi nichunge basi nichunge, na kila msimu wa ndagala mpaka alipokufa alinitumia kikapu kimoja, kwa sababu nilikuwa mtu ambaye mtoto wake alimwamini akampa kitu. Nilikula ndagala zile, mimi na mke wangu na watoto wangu, kwa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa muuguzi katika mji huu, nimefunga macho ya watu wengi, nimewaambia jamaa zao ukweli bila kutetemeka. Kwake sikuweza. Nilikuwa mwoga, na sitafuti neno zuri zaidi.

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa asubuhi, ufukweni Kalundu. Upande wa kaskazini mizinga ilikuwa inasikika, na waasi walikuwa wanakimbilia kusini na milimani. Mama yangu alikuwa amekwisha kupanda mtumbwi na dada zangu wawili, na mvuvi mwenye mtumbwi alikuwa anatukana kila anayechelewa. Mimi nilikuwa nimesimama majini mpaka mapajani, nikiwa wa mwisho kupanda, nilipomwona Kapita anakuja mbio juu ya mchanga, daftari limefungwa ndani ya kitambaa, viatu mkononi.

“Weye ni B,” akaniambia, anahema. “Nilitaka kukuona na macho ndipo niandike.”

“Panda,” nikamwambia. “Nafasi iko.”

Akaangalia maji. Nilimwona anayapima, akayapima tena, na kwa kweli alisogea hatua moja, yakamgusa vidole. Kisha akarudi nyuma.

“Tutapita barabara, minye na Baridi. Iko ananingojea ku nyumba.”

“Na hiyo kaye?” nikamwuliza, nikilionyesha daftari.

“Naenda nayo.”

Nikatoka majini. Mvuvi akapiga kelele, mama akapiga kelele, sikuwasikia. Nilikuwa na hasira naye kama mtu anavyokuwa na hasira kwa mtoto anayecheza barabarani. Nilimwambia huko mbele kuna askari, na mtu mwenye orodha ya majina ya vijana ishirini na wanne, na alama za siri mbele ya kila jina, kila Jumamosi, watasema ni orodha ya kikosi. Watamtafuta kila mmoja wetu. Nilimwambia atatuua wote.

“Soma hapa,” akasema, akakunjua kitambaa na kufungua ukurasa wa kwanza. “Muhuri ya masomo. Jina yangu. Na hizi chale ziko mu kifua, nitazieleza na nini? Hii itanisaidia.”

“Karatasi ilisaidia nani mu Uvira?” nikamwambia. “Baba yangu mudogo, muhuri ilimusaidia?”

Akanyamaza. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona anakosa jibu, na nakiri, hata katikati ya mizinga, nilifurahi kidogo kwamba nimemshinda. Nikashika daftari. Naye alikuwa amelishika. Nikavuta, akavuta, tukatazamana, halafu nikavuta kwa nguvu za mtu mrefu, na vidole vyake vikaachia.

Nilipanda mtumbwi nimelikumbatia kifuani. Mvuvi akasukuma. Kapita alibaki amesimama mchangani, mfupi, mikono hajui aiweke wapi, akaipeleka kwenye vifungo vya shati na kuvifunga mpaka shingoni.

“Sasa hakuna kitu watakukuta nayo,” nikampigia kelele. “Sasa uko salama.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

Aliniamini. Akainua mkono, na kwa sauti ile ambayo hakuna aliyewahi kuishinda akaniambia, “Aksanti, ndugu yangu,” akageuka, akaishika barabara ya kaskazini mikono mitupu.